Pipa la Maji Moto Kule Timau

Mume wangu si mtu wa likizo. Ni mtu wa lori. Safari anazozijua ni za kupeleka mzigo Moyale na kurudi, na mapumziko anayoyajua ni kujilaza kivulini chini ya lori wakati tairi linazibwa. Kwa hiyo jioni ile aliposogeza kiti chake karibu na changu, akaniwekea simu mbele ya macho na kusema, "Mama watoto, angalia hii nyumba," nilidhani anatafuta stoo ya kukodi.

Niliona kijumba cha mawe chenye dohani, kimezungukwa na nyasi za kijani ambazo kwetu huonekana kwenye kalenda tu. Nyuma yake kulikuwa na mlima. Mbele, juu ya sakafu ya mbao, kulikuwa na pipa kubwa la mbao linalofuka mvuke, na vidato viwili vya kupandia.

"Hii ni nini?"

"Ni pahali ya kukaa ndani ya maji moto. Iko Timau. Watu wawili, na hakuna mwingine anaingia."

"Watu wawili gani?"

"Mimi na wewe. Nimefikiria tuende, tupumzike."

Machale yakanicheza papo hapo.

Sisi tunakaa Wabera, mjini Isiolo. Maji ya mfereji huja siku yanapotaka yenyewe, nasi tukiyasikia yakikoroma kwenye bomba tunaacha hata chakula tukimbilie madumu. Na joto hatulitafuti, linatujia bure. Mtu wa Isiolo anayetaka kukaa ndani ya maji moto huweka ndoo juani asubuhi na saa sita ameshapata. Sasa huyu wangu, ambaye hunifokea nikimwaga maji ya kuoshea mchele bila kuyapeleka kwenye mche wa mpapai, anataka kulipia pipa zima la maji ili watu wawili wakae ndani yake, wasioge, wasifue, wakae tu.

Nilimtazama vizuri. Ndevu alikuwa amezipaka hina upya. Nikamwuliza ni nani aliyempa wazo hilo. Akasema ameliona kwenye simu. Nikamwuliza simu ilijuaje kwamba amechoka. Akacheka, akasema mimi nina maswali ya polisi wa kizuizi cha barabarani.

Sikucheka. Na ili msomaji asinione mwanamke mbaya asiyejua kupokea zawadi, inabidi nieleze desturi moja ya kwetu.

Babu zetu ni Wasomali walioletwa huku na jeshi la mkoloni, wakapewa ruhusa ya kukaa, wakageuka wafanyabiashara. Tumekaa sana hapa, tumeoana na Waborana, tunakula githeri ya mahindi na maharagwe kama Wameru, lakini mambo fulani hatukuyaacha. Mwanamume akitaka kuongeza mke, hana budi kumpa mke wa kwanza zawadi ya kumpoza. Sokoni tunaiita kifuta wivu. Zamani alipewa ngamia au kitambaa kizuri. Siku hizi wanaume wamekuwa wajanja, na kifuta wivu kinakuja kimevaa nguo nyingine. Mwanamke mmoja wa mtaa wetu alinunuliwa friji yenye milango miwili, akaishangilia, akaalika watu waje kunywa maji baridi, na kabla sherehe haijapoa akasikia kwamba mumewe amefunga ndoa Garba Tula. Mwingine alipelekwa umra. Alirudi na zamzam mkononi, akamkuta mke mwenziwe ameshapanga vyombo.

Kwa hiyo mke wa Isiolo akiletewa kitu kikubwa ambacho hakukiomba, haulizi rangi yake wala bei. Anauliza ni nani.

Sikutaka kugawana mume. Nasema waziwazi, maana kuna wanawake wanaojifanya hawajali. Mimi nilijali. Dini imemruhusu, na mimi sibishani na dini. Nabishana na yeye. Nilimpata akiwa hana hata lori, akiwa dereva wa lori la watu, na tulipolinunua la kwanza niliuza bangili zangu za harusi bila kuambiwa. Watoto wetu wamekua wametoka nyumbani. Nilikuwa nimefikia umri wa kufikiri kwamba hatari hiyo imenipita.

Kesho yake nilimweleza shoga yangu tunayepakana vibanda sokoni. Sote tunauza madera na shashi, vile vitambaa vya kichwani. Yeye hayo ameyapitia, ana mke mwenza Marsabit na bangili nne za dhahabu za kumpozea.

"Maji moto?" aliuliza. "Abaayo, dada yangu, hiyo mimi sijawahi kusikia. Wengine wanapewa dhahabu unaweza kuuza. Wewe unapewa maji, ukitoka ndani imeisha."

"Labda anataka tu kupumzika."

"Haya. Na mama yake anasemaje?"

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo lililonikosesha raha ya kupanga bidhaa siku nzima. Mama mkwe wangu, ambaye chumba chake kinatazama geti ili asipitwe na mtu, alikuwa amesifu chai yangu. Tangu niolewe chai yangu imekuwa na kasoro: ama tangawizi imezidi, ama maziwa ni ya kudanganyia. Lakini wiki ile aliinywa yote, akaniwekea kikombe mkononi na kusema, "Mwenyezi Mungu akuzidishie subira, mwanangu." Subira ya nini? Hakuna aliyekuwa mgonjwa.

Nilirudi nyumbani nimekata kauli. Nisingelia wala kuuliza. Ningeipanga hiyo likizo mimi mwenyewe, hatua kwa hatua, na mahali penye uongo pangejitokeza penyewe. Nilimwambia mume wangu, "Nimekubali. Lakini hiyo nyumba nitaiuliza mimi." Akafurahi mno, na furaha yake ikanitia shaka zaidi. Akanipa namba ya mtunzaji wa kijumba.

Nilimpigia nikiwa nimekaa juu ya gunia la mchele jikoni, mlango nimeufunga. Alikuwa Mmeru, mwenye sauti ya upole, mtu aliyezoea wageni. Nilianza na mambo ya kawaida ili asishtuke.

"Hapo kwenu kuna mbwa?"

"Ako, madam, lakini tutamfunga."

"Nyama ya nguruwe imepikwa kwa hizo sufuria?"

"Hapana, madam. Na mzee ashauliza hiyo. Amesema mnakuja na sufuria yenu."

Sikujua tunaenda na sufuria yetu. Nikaendelea. Niliuliza kama lile pipa linaogewa na watu wengine, maji hubadilishwa lini, nani anayachemsha, na huyo anayechemsha anasimama wapi mimi nikiwa ndani. Akasema linachemshwa kwa kuni, yeye huwasha asubuhi, jioni linakuwa tayari, kisha anaondoka kwenda kwake ng'ambo ya shamba la ngano. Nikamwuliza kama kuna ua. Akasema kuna ua mrefu, na upande uliobaki wazi hautazamwi na mtu.

"Hapo hakuna mtu anaona, madam, isipokuwa mlima."

"Kibla je?"

"Mzee pia aliuliza. Tuliangalia na simu yangu. Nimeweka jiwe."

Mwanamume aliyeuliza sufuria na kibla ameuliza mengi. Sasa nikatupa swali langu kama ambaye hana haja nalo.

"Na mzee aliuliza nini tena?"

"Aliuliza kama kuna network. Nikamwambia pole, hapo chini haishiki, mpaka upande kwa barabara. Akasema hiyo ni sawa kabisa, ndiyo anataka. Na akasema tuweke maua kwa kitanda."

Nilikata simu nikabaki nimeishika. Mume wangu, mwenye lori, ambaye mtandao ukipotea kwa muda wa kunywa soda huzunguka uani ameinua simu juu, amefurahi kwamba hakuna mtandao! Na maua kitandani. Sijawahi kupewa ua na mwanamume huyo. Mara moja aliniletea koliflawa kutoka Meru, akadhani ni kabichi iliyoharibika.

Mambo yalikuwa wazi kama mchana. Ningepelekwa mahali pa baridi, nikalishwa, nikatumbukizwa kwenye maji moto mpaka mifupa ilegee, kisha ningeambiwa. Na ningeambiwa mahali ambapo siwezi hata kuwapigia ndugu zangu simu. Nilimvulia kofia. Friji yenye milango miwili ilikuwa kazi ya mwanafunzi ukilinganisha na hii.

Kilichobaki ni kujua ni nani.

Haikuchukua muda. Siku iliyofuata alirudi kutoka safari, nikaenda kumpokea kwenye lori, jambo ambalo huwa silifanyi. Nyuma ya kiti cha dereva kulikuwa na mkungu wa ndizi na nyanya zilizofungwa kwenye leso.

"Ndizi za wapi?"

"Za Kinna."

"Ulikuwa unatoka Moyale."

"Ndiyo."

Kinna haiko njiani kutoka Moyale. Iko upande mwingine kabisa wa Isiolo, na mtu aendaye huko lazima awe ameamua kwenda huko. Nilizichukua ndizi nikashukuru. Nilipozifikisha jikoni, mama mkwe alizitazama kwa muda, macho yakamjaa machozi.

"Damu ya mwanangu iko Kinna," alisema, "inalala nyumba haina mwanaume."

Basi nikajua.

Mume wangu alikuwa na ndugu mdogo. Alikuwa na shamba la kumwagilia maji huko Kinna, alioa msichana wa Kiborana kutoka Korbesa, wakapata watoto, kisha akafa kwa homa akiwa bado kijana. Mjane wake alibaki shambani na watoto. Eda yake iliisha zamani. Na kwetu, mtu akifa, ndugu yake anatarajiwa kumchukua mjane, ili watoto wa marehemu wasilelewe na mgeni na jina lisipotee. Hakuna anayeiita tamaa. Inaitwa wajibu, na kila mtu humpongeza anayeutimiza. Ndiyo maana iliniuma mara mbili. Ingekuwa msichana wa hoteli ya Moyale ningepiga kelele mpaka mtaa mzima utoke nje. Lakini mjane wa shemeji yangu? Ningepiga kelele niitwe nani? Mimi ndiye ningeonekana ninayewanyang'anya mayatima baba.

Nilikosa usingizi, nikakosa hamu ya kula. Mchana tuliendelea kupanga likizo yetu kama watu wenye akili timamu. Yeye alinunua masweta mawili ya mtumba, moja langu. Mimi niliuliza kama nitaingia pipani na dera au na nini, akasema niingie na nguo yoyote nitakayo, hata kabuti. Alikuwa mcheshi, akinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na kila alipocheka nilisikia moyo unanichoma. Nilitaka kumpenda siku zile, maana alikuwa anapendeza, na sikuweza.

Mwishoni nilimwambia nakwenda Garba Tula kumjulia hali binamu yangu aliyejifungua. Nilishuka Kinna.

Nilimkuta shambani, amepandisha dera mpaka magotini, anafungua mfereji maji yaingie kwenye vitunguu. Aliponiona alisimama na jembe mkononi. Hakuuliza nimekujaje. Aliziba mfereji kwa udongo, akanawa miguu, akanisalimia salaam aleikum kwa kushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, akaniongoza nyumbani.

Kwa watu wake mgeni haulizwi jambo mpaka anywe chai. Na mgeni pia hasemi. Kwa hiyo nilikaa kwenye mkeka nikimtazama anavyokoroga maziwa, na macho yangu yakafanya kazi ya ulimi. Nilitazama mikono kama ina hina. Haikuwa nayo. Nilitazama masikio kama yana dhahabu. Hayakuwa nayo. Nilitazama juu nikaona paa. Mabati yalikuwa mapya, yanang'aa, na nilipokuja mazishini nyumba ile ilikuwa na paa lililotoboka. Chai ikawa chungu mdomoni, ingawa aliitia sukari nyingi kwa heshima yangu.

Nilipoweka kikombe chini alisema, "Umeona mabati."

"Nimeona."

"Mume yako ndio alileta. Hata mimi nilifikiria ni ya kunioa."

Nilikuwa nimejiandaa na maneno mengi ya kumwambia. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima, mengine makali, mengine ya kumsihi kama dada. Yote yalinipotea.

"Na si ya kukuoa?"

Alivuta ukili wa mkeka uliokuwa umechomoza, akausokota kidoleni.

"Wazee walitaka kukaa hapa, wa kwenu na wa kwetu. Mama mkwe ndio aliwaita. Kila mtu alikuwa anajua itaisha aje. Mume yako akakuja kabla yao, siku moja mbele. Akatuma watoto dukani. Akakaa hapo umekaa wewe." Alinionyesha kwa kidevu. "Akaniomba nikatae."

"Nini?"

"Nikatae yeye. Alisema akikataa yeye, ni aibu kwa ndugu yake kaburini, na mama yake hawezi kumsamehea. Lakini nikikataa mimi, hakuna mtu anasema kitu. Mwanamke akisema hapana, maneno inaisha. Hiyo ni sheria."

Ni kweli. Ndiyo mlango pekee wa kutokea katika desturi ile, na uko upande wa mjane.

"Alilia," alisema. "Mwanaume mkubwa hivyo. Alilia mpaka nikaona haya, nikaangalia ukuta."

Katika miaka yote ya ndoa yetu sijamwona mume wangu akilia. Ndugu yake alipozikwa alishika sepetu, akafukia kaburi mwanzo mpaka mwisho bila kupokezana, na macho yake yalikuwa makavu.

"Alikuwa analilia nini?"

"Wewe."

Akaendelea, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Wazee walipoketi nikasema sitaki. Nikasema nataka kulea watoto yangu peke yangu. Wakashangaa, wakaniombea dua, wakaenda. Mume yako bado anapita kuona watoto, na mama mkwe mpaka leo anafikiria nitageuka." Aliachia ukili. "Lakini wewe usinidhanie malaika, abaayo. Mimi ningekubali. Si mapenzi. Hapa usiku mtu akibisha mlango, mimi ndio naamka. Ng'ombe ya jirani ikiingia vitunguu, mimi ndio nagombana na wanaume. Mimi pia nilitaka mtu. Halafu mtu anakuja, anakaa kwa mkeka yangu, anaanza kulilia mwanamke mwingine."

Niliona haya. Nilikuja kwake nikiwa nimeonewa, na nilikuwa nimekaa mbele ya mwanamke niliyemnyang'anya bila hata kunyoosha mkono. Nikamwambia nyumba yetu ya Wabera ina chumba, watoto waje wasomee mjini. Akasema atafikiria. Nikamwambia samahani. Akasema samahani ya nini, mimi sikumtuma.

"Alisema nini?" nilimwuliza mwishowe, tukiwa tumesimama mlangoni. "Alipokuwa analia. Alisema nini juu yangu?"

Akanitazama kama ninayeomba kitu ambacho tayari nimekishika mkononi.

"Hiyo maneno ni yako. Muulize yeye mwenyewe. Na umwambie asikuje kunililia tena. Mimi niko na machozi yangu."

Njiani kurudi nilicheka, kisha nikalia, na mama mmoja aliyekaa karibu nami akanipa ndizi. Shaka yangu ya kwanza ilikuwa imekufa, lakini nyingine ilikuwa imezaliwa. Kumbe mume wangu ana maneno juu yangu. Anayo, ameyatunza, na siku alipoyatoa aliyapeleka Kinna. Mimi, ambaye ndiye ninayefua fulana zake za grisi, sijayasikia.

Nyumbani sikumwambia lolote. Kulikuwa na wageni waliokuja hospitali kutoka Merti, wamelala sebuleni kama kawaida, na mama mkwe alikuwa dirishani. Niliyaona hayo kwa mara ya kwanza kama alivyoyaona mume wangu. Mwanamume mwenye neno la kumwambia mkewe angelisemea wapi katika nyumba ile? Kila ukuta una mgonjwa ameuegemea.

Nikampigia mtunzaji wa kijumba.

"Yale maua," nilimwambia. "Wekeni."

Mama mkwe alitutazama tukipakia sufuria, masweta na nyama ya mbuzi tuliyemchinja wenyewe, akauliza tunakwenda kumtembelea nani. Mume wangu akasema hatumtembelei mtu. Mama mkwe akauliza tena, kwa sauti ya juu zaidi, akidhani hakusikiwa.

Kijumba kilikuwepo kweli. Nakiri kwamba mpaka tunapoingia getini nilikuwa bado nadhani tumetapeliwa. Mbwa alikuwa amefungwa. Jiwe la kibla lilikuwepo pembeni mwa chumba, limeoshwa. Maua yalikuwa kitandani, mekundu, yamepangwa na mtu asiyejua kwa nini anayapanga, na mume wangu alipoyaona alijifanya anatafuta swichi ya taa.

Jioni, baada ya alasiri, mtunzaji aliaga akaondoka. Maji yalikuwa yakifuka. Niliingia na dera langu la zamani na shashi kichwani, nikashika ukingo kwa mikono miwili nikihofia kuzama, ingawa maji yalinifika kifuani tu. Mume wangu aliingia upande wa pili na kaptula iliyomfika magotini. Dera langu lilijaa hewa likainuka juu ya maji, nikalibamiza chini kwa viganja, likainukia upande mwingine. Alicheka mpaka akakohoa. Mimi pia nilicheka. Kisha maji yakatulia na joto likaniingia mgongoni, mahali panaponiuma kwa kukaa kibandani, na nikafikiri juu ya yule aliyepandisha dera magotini kule Kinna ili anyweshe vitunguu. Nilikuwa na furaha, na furaha hiyo ilinitia aibu, na sikuona namna ya kutenganisha hayo mawili.

"Nilienda Kinna," nikamwambia.

Kicheko kikamtoka usoni. Alitazama mlima, akatazama maji, kisha akanitazama mimi.

"Amekuambia?"

"Ameniambia uliomba akukatae. Ameniambia ulilia. Yale ulisema amekataa kuniambia. Amesema ni maneno yangu, nikuulize."

Nilingoja. Mimi si mtu wa kungoja, lakini hapakuwa na pa kwenda, na nguo zilikuwa zimelowa.

"Ndiyo maana nilikuleta hapa," alisema. "Nilitaka nikuambie hapa. Nimejaribu kuanza tangu tufike kwa geti."

"Basi sema."

"Sijui nianzie wapi."

"Anza vile ulianza kule."

"Kule niliweza."

"Kule uliweza kwa nini? Mtu wa kuambiwa ni mimi, na mimi niko hapa."

Akafuta uso kwa kiganja chenye maji. "Kule niliweza kwa sababu wewe hukuwepo."

Ilinichoma. Nilitaka kumjibu, na jibu nilikuwa nalo, kali, limeshafika mdomoni. Lakini nilimwona jinsi alivyoinama, mikono ameificha chini ya maji, mabega yamepanda kama ya mtu anayesubiri kupigwa, na nikajua kwamba hanifichi kitu. Hawezi tu. Mtu huyu anaweza kuvusha lori kwenye mto uliojaa, na hawezi kumwambia mkewe neno huku anamtazama machoni.

Basi nikamgeukia mlima. Nilimpa mgongo, nikaegemeza mkono ukingoni, nikavuta shashi langu lililolowa nikafunika uso.

"Haya," nikasema. "Mimi siko. Mwambie huyo wa Kinna."

Nyuma yangu maji yalitikisika kidogo. Akakohoa. Kisha akaanza.